HTTrack: Kuhifadhi Tovuti Nzima Kwenye Kompyuta

HTTrack, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 1998, hupakua tovuti kwa kufuata viungo vyake ukurasa baada ya ukurasa, kisha huvirekebisha vielekeze kwenye mafaili yaliyomo ndani ya kompyuta, hivyo msomaji hubofya na kuendelea kusoma hata intaneti ikikatika. Sura yake ni ya kizamani, lakini kazi inafanyika. Cha kuangalia ni kina cha viungo, yaani programu ifuate viungo hatua ngapi kutoka ukurasa wa kwanza: usipokiwekea kikomo kwenye tovuti kubwa, diski itajaa kurasa usizozihitaji. Kurasa zinazotegemea JavaScript (lugha ya programu inayojenga yaliyomo ndani ya kivinjari) mara nyingi hutoka pungufu. Kwa ukurasa mmoja wa namna hiyo ningechagua SingleFile, kiendelezi cha kivinjari kinachokusanya maandishi na picha katika faili moja.