Kabla Hujafunga Waya: "Paini za Mlimani" Tatu Nilizouziwa Kigoma

Karibuni tena, jamani. Leo mezani kuna miti mitatu ya bonsai, yaani miti inayokuzwa midogo kwenye chungu, na yote nimeuziwa kwa jina moja: paini ya mlimani, imechimbwa porini. Nimeinunua hapa hapa Kigoma, kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara. Niwaambie mapema: kati ya hii mitatu hakuna paini hata moja. Paini halisi ina sindano zilizofungwa pamoja kwenye kishina kimoja. Ile ya shamba la miti la Sao Hill mara nyingi utakuta tatu tatu. Hapa hamna.

Tuanze na huu mwembamba, hauna maneno mengi. Hizi mnazoziona kama sindano ni vijiti. Nikivuta hivi, kinakatika kwenye kiungo, na pale kwenye kiungo kuna vijino vidogo vimezunguka. Huu ni mvinje, ule ule wa ufukweni. Unazaa vitu vinavyofanana na koni lakini si jamii ya paini kabisa. Hata hivyo sina ugomvi nao. Taiwan na Indonesia wanatengeneza bonsai kali sana za mvinje, joto la ziwani unalimudu, mradi usiusahau maji. Elfu kumi na tano, chukua.

Wa pili, muuzaji aliniapia kuwa ni mtarakwa, ule mwerezi uliokuwa ukitengenezewa penseli. Majani ni magamba yaliyobana kijiti, kwa hiyo kwa macho tu unaweza kukubali. Tafuta tunda. Mtarakwa una tunda dogo laini, bluu iliyokolea, na juu yake kuna ungaunga mweupe. Huu una koni hii hapa, ngumu kama gololi, na ikikauka inaachana vipande vipande. Ni saipresi. Halafu jiulizeni, mtarakwa wa porini umefikaje Kigoma? Kwa hapa Tanzania makazi yake ni huko Kilimanjaro, Meru, Usambara. Saipresi hii asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, ilikuja kupandwa, kwa hiyo "porini" ya muuzaji ni shamba la miti la mtu.

Kinachoniudhi si jina. Wameukata matawi wakaacha vigutu vitupu ili uonekane mzee. Saipresi ukiikata hadi sehemu isiyo na kijani, hapo haichipui tena. Vigutu vitatu hivi vimeshakufa. Elfu arobaini hiyo, msitoe.

Sasa huu wa tatu. Huu ni podo, wale mnaonunua mbao mnalijua jina. Jani ni bapa, refu, gumu, lina mshipa mmoja katikati, hauna sindano wala magamba. Mti jike ukizaa, mbegu inakaa juu ya kikalio chenye nyama kinachogeuka chekundu. Na huu kweli ni wa milimani: kwenye misitu ya juu kule Mahale podo ipo yenyewe, haikuletwa na mtu.

Ndiyo maana swali la kwanza nililomuuliza muuzaji lilikuwa: umeutoa wapi? Mahale ni hifadhi ya taifa tangu 1985, huchukui hata mche. Misitu ya hifadhi nayo ina Sheria ya Misitu ya 2002, unatakiwa kibali. Akasema ni shambani kwao Buhigwe, walikuwa wanasafisha ukingo, na akanipa namba ya baba yake nimpigie. Nikampigia. Mzee akanieleza mpaka upande wa shamba mti ulipokuwa umesimama. Muuzaji akianza kuzungukazunguka kwenye swali hilo, rudisheni hela mfukoni.

Umbo lake. Shina limelala kidogo, mizizi ya juu imeshika upande mmoja, huo ndio uso wa mti, upande wa kutazamwa. Uzuri wa podo ni kwamba hata ukikata kwenye sehemu ya zamani isiyo na majani, inachipua. Kwa hiyo hili tawi refu nitalirudisha karibu na shina, kitu ambacho kwenye saipresi nisingethubutu. Lakini jani lake ni refu, usitake bonsai ya kuweka kiganjani. Uache ufike sentimita sitini, sabini, ndipo jani na shina vitapatana.

Na hapa nawaomba sana. Mmeona video za Wajapani, Masahiko Kimura na wenzake, wanachonga shina linakuwa jeupe nusu limekufa nusu hai. Ile ni mireteni, jamaa wa mtarakwa. Mbao yake haiozi upesi. Podo inaoza. Ukiichonga hivyo, mvua za Kigoma za Novemba hadi Aprili zitakula jeraha mpaka ndani. Kwenye podo funga jeraha, liache lipone.

Waya wa kukunjia matawi: wa alumini wa kuagiza ni mlaini, kwa matawi haya membamba unatosha. Kwa tawi nene mimi nachukua shaba kwa mafundi wa kusuka mota. Uchomeni kwanza kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu, nje ya nyumba, moshi wa ile rangi yake ni mbaya. Unene theluthi ya tawi, zungusha kwa mshazari, na siku ya kuutoa ukate kipande kipande, usiuzungushe kurudi nyuma.

Leo lakini siufungi. Mti uliochimbwa, msimu mzima wa kwanza ni wa kushika mizizi. Nimeuweka kwenye tofali la kuchoma lililopondwa na kuchekechwa, udongo wake wa zamani nimeubakiza kiasi, na uko kivulini. Elfu themanini ni nyingi, najua, ila kwa shina hili ningelipa tena.

Mkitaka niwatambulie wa kwenu, nitumieni picha ya jani kwa karibu, juu na chini, na tunda kama lipo. Picha ya mti mzima kwa mbali hainisaidii.