Umahiri wa Historia Mlimani: ubora wake uko kwenye majalada

Ukiulizia shahada ya umahiri ya Historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utaanza kutajiwa majina ya wanahistoria waliofundisha hapo: Terence Ranger aliyeongoza idara ilipoanza mwaka 1964, Walter Rodney, Isaria Kimambo. Sifa hizo ni za haki, ila haziandiki tasnifu. Kinachoipa Mlimani nafasi ya kwanza kwa anayetafiti Tanzania ni ukaribu wa nyaraka. Mkusanyo wa East Africana, wa maandishi kuhusu Afrika Mashariki, uko maktaba ya chuo hapo hapo. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, mwendo wa daladala. Za Zanzibar, pale Kilimani, unavuka kwa boti.

Masomo ya darasani ni ya kawaida: nadharia, mbinu, semina, kusoma kwingi. Tasnifu ni kwa Kiingereza, kwa hiyo masimulizi ya Kiswahili au ya lugha za makabila yanadai kazi ya pili. Saa moja ya kinasa sauti hula saa nne hadi sita za kunukuu, kabla hujagusa tafsiri.

Wengi hukwama kwa kuandika andiko la utafiti kabla ya kupekua orodha ya majalada. Mada inapitishwa, kisha majalada yenyewe ni mawili tu. Nenda Upanga mapema. Majalada ya Wajerumani yana alama ya G, na mengi yameandikwa kwa mkono, kwa hati ya zamani inayomshinda hata anayeongea Kijerumani vizuri. Huna muda wa kujifunza hati hiyo? Chukua kipindi cha Waingereza. Sehemu kubwa imepigwa taipu. Beba kalamu ya risasi, uliza utaratibu wa nakala na picha, na picha ya kwanza iwe ya gamba la jalada lenye namba. Kurasa mia zisizo na namba ya jalada huwezi kuzirejelea popote.

Vitabu vya Wilaya, yaani madaftari ya kumbukumbu ya maofisa wa kikoloni wa Kiingereza, ndivyo vitamu na ndivyo hatari. Historia nyingi za koo zilizomo ziliandikwa na maofisa baada ya Gavana Donald Cameron kuleta utawala wa kupitia machifu katikati ya miaka ya 1920. Ofisa alikuwa anatafuta nani awe chifu, na mzee aliyehojiwa alilijua hilo. Nasaba ikikunjwa kidogo, ukoo unapata kiti. Soma ukurasa huo sambamba na barua za mashauri ya uchifu za wilaya hiyo hiyo, uone nani alilalamika.

Kuhusu uwandani, barua ya chuo inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kwa mtendaji wa kata, hadi kijijini. Kila ngazi ina muhuri wake na bosi aliyesafiri. Beba nakala za kutosha na uepuke msimu wa kulima. Wazee utawakosa nyumbani.

Kabla ya kuomba, hakikisha yupo mhadhiri anayesimamia mada kama yako. Mwanafunzi wa historia ya Ulaya atapungukiwa vitabu. Wa Mombasa au Kisumu, nyaraka zake nyingi ziko Nairobi, katika jengo la zamani la Bank of India, na kibali ni cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya. Huyo heri aombe chuo cha Kenya.