Seti ya kuanzia kroshia: ya kutumia na ya kuweka kando unapotafuta utulivu wa akili

Seti za kuanzia kroshia zinauzwa siku hizi kwa ahadi ya kupunguza msongo wa mawazo, na ahadi hiyo ina ukweli ndani yake. Kufuma kwa sindano moja yenye ndoano kunatuliza. Shida ni kwamba vitu vilivyomo ndani ya boksi, hasa karatasi ya maelekezo, vinamsukuma mnunuzi kwenye kazi ngumu kabla mikono haijazoea, na mtu aliyekuja kutafuta nafuu anaishia kuamini kwamba hana kipaji. Hapa tunazungumzia ile seti ya kawaida isiyo na jina kubwa: sindano 9 hadi 12 za alumini zenye mpini wa mpira, madonge kadhaa madogo ya uzi wa akriliki, vibanio vya plastiki vya kuwekea alama, sindano butu za kumalizia ncha za uzi, mkasi mdogo, tepu ya kupimia na karatasi ya kufuma mdoli.

Tuanze na sindano, maana ndizo zinazobeba thamani ya seti nzima. Nyingi huanzia milimita 2 na kuishia milimita 6, zikipishana kwa nusu milimita. Anayeanza anahitaji 4.5 au 5 kwa uzi ulioandikwa namba 3 kwenye lebo, yaani namba ya unene, na 5.5 au 6 kwa uzi wa namba 4. Zilizo chini ya milimita 3 ziache ndani ya boksi. Hizo ni za uzi mwembamba wa pamba, na ukizilazimisha kwenye uzi mnene zinapinda shingoni. Kwa maana hiyo, kati ya sindano 12, nne ndizo zitakazofanya kazi mwaka wa kwanza, na hilo si hoja ya kuikataa seti mradi hizo nne ziwe nzuri.

Uzuri wa sindano unapimwa kwa kidole na kwa uzi. Pitisha kidole ndani ya ndoano, pale uzi unapokamatwa, kisha ivute juu ya kitambaa laini. Ikinasa, ina ukwaru uliobaki kiwandani, na ukwaru huo ndio utakaopasua uzi kila mshono. Msasa laini wa namba 600 au zaidi, kwa kusugua taratibu, unauondoa. Angalia pia shingo, yaani ile sehemu ya mviringo kati ya ndoano na mpini. Ukubwa wa mshono unatokana na unene wa shingo hiyo. Katika seti zilizotengenezwa ovyo mpira unaanza karibu mno na ndoano, vitanzi vinakosa nafasi ya kukaa shingoni, vinabaki kwenye koo, ile sehemu nyembamba iliyo jirani na ndoano, na mishono inatoka midogo kuliko inavyotakiwa. Mfumaji anadhani anakaza mno kumbe kosa ni la kifaa. Jambo la tatu ni mpira wenyewe: ukiuzungusha kwa vidole ukazunguka peke yake bila chuma kufuata, irudishe dukani, kwa sababu utakuwa unaikaba kwa nguvu ili isigeuke na kidole gumba kitauma mapema.

Uzi ndio sehemu dhaifu zaidi. Madonge ya kwenye seti huwa na gramu 20 hivi kila moja, ambazo kwa uzi wa namba 3 ni kama mita 40 hadi 60. Hizo zinatosha kipande kimoja cha mazoezi chenye upana wa mishono 20. Hazitoshi kitu cha kuvaliwa, maana hata skafu ndogo inataka gramu 150 hadi 200 za rangi moja. Kwa hiyo rangi 12 zinazopendeza ndani ya boksi hazina kazi ukizitazama moja moja. Nunua donge la gramu 100 pembeni, la akriliki lisilo na manyoya, rangi moja iliyopauka: krimu, kijivu chepesi, samawati. Uzi mweusi na wa bluu nzito unaficha mishono, na macho yakishindwa kuona tundu la kuingizia sindano utulivu unakwisha hapo hapo. Uzi wa manyoya, ule unaofanana na mahameli, ni mbaya zaidi kwa anayeanza kwa kuwa mishono haionekani kabisa na kuufumua bila kuuharibu ni kazi. Pamba ni nzuri kwa mtu aliyezoea, ila hainyumbuki, na mkono mgeni unachoka nayo haraka.

Sasa karatasi ya maelekezo. Karibu zote zinaanza na mdoli mdogo, ule mtindo wa Kijapani uitwao amigurumi, na sijui chaguo baya kuliko hilo kwa mtu mwenye wasiwasi. Mdoli unaanza kwa kitanzi cha duara kinachoteleza, unatia mishono 6, mzunguko wa pili unakuwa 12, wa tatu 18, na hakuna mwisho wa mstari unaoonekana kwa sababu unazunguka bila kukata. Usipoweka kibanio kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko, ukipoteza hesabu mara moja huna pa kushika. Juu ya hapo mishono inatakiwa ibane ili pamba ya kujazia isitokeze. Kazi ya kubana ni kinyume cha kile mkono wenye msongo unachohitaji.

Kuna tatizo lingine la karatasi hizo linalowapoteza wengi bila wao kujua. Vifupisho vya Kiingereza havina maana moja. Herufi dc katika mtindo wa Uingereza ni mshono mfupi, na katika mtindo wa Marekani ni mshono mrefu, unaoanza kwa kuzungushia uzi sindano. Kama karatasi haikusema inafuata mtindo upi, tafuta herufi sc: ikiwemo, ni ya Kimarekani, kwa kuwa Waingereza hawaitumii. Ukifuma kwa kuchanganya, kitu kinatoka kirefu karibu mara mbili au kimesinyaa.

Weka karatasi kando na ufume mstatili. Funga kitanzi cha kuanzia, fuma cheni 21, yaani vitanzi vinavyofuatana kila kimoja kikivutwa ndani ya kilichotangulia, kwa sindano ya milimita 5. Ruka cheni ya kwanza iliyo karibu na sindano, ingiza kwenye ya pili, vuta uzi, sasa una vitanzi viwili, vuta uzi tena upitishe vyote viwili. Huo ni mshono mfupi mmoja. Endelea hadi mwisho uhesabu 20. Fuma cheni moja ya kupandia, geuza kazi, fuma tena 20. Hapo unapata upana wa kama sentimita 13, na hakuna kitu kipya cha kujifunza kuanzia mstari wa pili hadi uzi uishe. Hicho ndicho kinachotuliza. Mikono yote miwili ina shughuli, macho yana pa kutua, na hesabu ya kufika 20 inachukua ile nafasi ambayo mawazo yanayojirudia hupenda kuikalia. Ukifika 20 unaanza upya na moja, kwa hiyo hesabu haiwi ndefu kiasi cha kuwa mzigo.

Makosa matatu yatakukuta. La kwanza ni cheni za mwanzo kubana hadi sindano haiingii, na chini ya kipande panakunjika kama upinde. Fuma cheni hizo kwa sindano iliyozidi kwa nusu au milimita nzima, kisha rudi kwenye ya 5. La pili ni kipande kugeuka pembetatu. Unaruka mshono wa kwanza au wa mwisho wa mstari, kwa kuwa mshono wa pembeni hujificha upande ukishageuza kazi. Hapa ndipo vibanio vya seti vinapolipa: kimoja kwenye mshono wa kwanza, kimoja kwenye wa mwisho, unavihamisha kila mstari. La tatu ni kuchoma katikati ya uzi badala ya chini ya nyuzi mbili za juu ya mshono. Unaliona kosa hili kwa vinyuzi vinavyobaki nje vimelegea. Fumua mshono huo mmoja tu, urudie.

Kufumua nako ni sehemu ya faida yake. Katika kroshia kitanzi kilicho hai ni kimoja tu kila mshono unapoisha, tofauti na kufuma kwa sindano mbili ambako mstari mzima uko wazi na mshono ukidondoka unaporomoka chini. Mtu akizidiwa, au akikatizwa, anatia kibanio kwenye kitanzi hicho na kuweka kazi chini, hata katikati ya mstari. Ataikuta kama alivyoiacha. Kwa mtu ambaye umakini wake unakuja na kuondoka, sifa hii ina uzito kuliko sindano 12 za rangi.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, walichapisha matokeo ya dodoso lililojibiwa na wafumaji wa kroshia 8,391 kutoka nchi 87, na asilimia 89.5 walisema kroshia inawafanya wajisikie watulivu zaidi. Lisomwe kwa uangalifu, kwa kuwa waliojibu ni watu ambao tayari wanapenda kufuma. Waliojaribu wakaacha hawamo. Na kutulia kwa jioni moja si tiba. Huzuni au kukosa usingizi kukidumu wiki mbili na zaidi, mtu amwone mhudumu wa afya, sindano ziende pamoja na matibabu wala zisichukue nafasi yake. Kwa anayempelekea mgonjwa seti wodini, aulize kwanza, maana mkasi na hata sindano huenda visiruhusiwe.

Kuhusu mwili: dakika 20 hadi 30, kisha pumzika, nyoosha vidole, zungusha viwiko. Kiganja kibaki sawa na mkono, kisikunjwe. Wengine wanashika sindano kama kalamu, wengine kama kisu. Yoyote inafaa, na kubadilisha katikati kunapunguza uchovu. Mabega yakianza kupanda kuelekea masikioni, mvutano wa uzi umekaza: legeza uzi unaopita kwenye kidole cha shahada. Taa itoke ubavuni, na ukifuma uzi wa rangi nzito tandika kitambaa cheupe mapajani.

Vitu vidogo vya seti nivitaje haraka. Sindano butu za chuma ni nzuri, za plastiki zinapinda. Mkasi unakata uzi, basi, hauna zaidi. Tepu ilinganishe na rula kabla ya kuiamini, kwa kuwa za kitambaa laini huvutika. Namba zilizochapwa kwenye mpini hufutika kwa jasho, kwa hiyo zikwaruze upya kwa kitu chenye ncha mapema, la sivyo utakuwa unabahatisha kati ya 4.5 na 5. Na kazi ya akriliki isipigwe pasi moja kwa moja: uzi huyeyuka na kulegea, na haurudi ulivyokuwa.

Hukumu yangu: seti inafaa kwa sharti kwamba sindano za 4.5 hadi 6 zimepita kipimo cha kidole na mpira wake haujizungushi. Ikiwa zimeshindwa, nunua sindano moja nzuri ya milimita 5, donge moja la gramu 100 na vibanio vichache, uache boksi dukani. Ukiipata iliyo nzuri, madonge madogo ya rangi yana matumizi yake baadaye. Fuma kila moja kipande cha mraba cha mishono 20, cheni 21 zile zile, na ukishakuwa na vipande 12 viunganishe kwa sindano butu, vitatu kwa vinne, utapata kifuniko cha mapajani cha kama sentimita 40 kwa 52.