Sola ya wati 200 kwenye nyumba yenye LUKU, Mwanza: uzoefu wangu

Nyumba ina umeme wa TANESCO, kwa hiyo sola hii ni gharama juu ya gharama. Je, inalipa?

Kwa hela tu, hapana. Jua la Mwanza kwa siku nzima ni sawa na kama saa 5 za jua kali kabisa. Ukiondoa upotevu, paneli ya wati 200 inakupa uniti 0.75, yaani 22 na ushee kwa mwezi. Mteja wa T1 (matumizi ya kawaida) anayelipa shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi anaokoa kama shilingi 8,000. Wa D1 (matumizi madogo ya nyumbani), ambaye uniti zake 75 za kwanza kwa mwezi ni 122, hafikishi hata 3,000. Na kama nia ni umeme safi, gridi yenyewe tayari inabeba maji ya Rufiji: Bwawa la Julius Nyerere ni megawati 2,115.

Unachonunua ni taa na intaneti umeme ukikatika. Mimi hilo nalilipia kwa moyo mweupe. Ila mtu wa D1 mwenye taa na TV tu, nakusihi usikope kwa ajili ya sola.

Ukiamua kufunga, usibane hela kwenye kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli hadi betri. Paneli hii inafanya kazi kwenye volti 18 na ampea 11. Kontrola ya PWM, aina ya bei nafuu, inaishusha hadi volti ya betri, kama 13, unabaki na wati 143 tu. Ya MPPT, aina ya bei ya juu, inakuletea karibu zote. Waya nao: mafundi wengi wanavuta wa milimita 2.5. Kwa mita 10 kutoka bati hadi betri unapoteza zaidi ya volti 1.5. Dai milimita 6. Wakati wa kuunga, betri inatangulia kwenye kontrola, paneli inafuata; kufungua ni kinyume chake.

Betri yangu ni lithiamu ya ampea-saa (Ah) 100. Ya jeli yenye ukubwa huohuo ni rahisi dukani, lakini ukiizoesha kushuka chini ya nusu inakufa mapema.

Nyumba za milimani, Igogo au Mabatini, chungulieni kivuli cha mawe saa 9 alasiri kabla ya kutoboa bati. Kivuli kikifunika kona moja tu, paneli inaweza kupoteza theluthi ya nguvu. Kinyesi cha ndege kikikauka kinafanya vilevile, kwa hiyo inamisha paneli nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini, mvua iioshe.

Kwangu kwa siku, taa 5 za wati 7 kwa saa 5 zinakula wati-saa 175, TV na king'amuzi 260, ruta 120, simu 60. Pasi na birika viacheni kwenye LUKU. Inveta yenyewe, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, hata bila kitu kuchomekwa, inakula wati 9. Ikiachwa usiku na mchana ni wati-saa 216, zaidi ya taa zote. Mkilala, izimeni.