Kliniki ya afya ya akili jijini Mwanza: tiba nzuri, dawa isiyo ya uhakika

Kwa muda sasa nimekuwa nikimsindikiza binamu yangu, mvuvi wa dagaa kutoka Ukerewe, katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja ya umma jijini Mwanza. Naandika kwa ajili ya familia zenye mgonjwa nyumbani ambazo bado zinasita kumpeleka.

Tiba yenyewe ninaisifu bila kusita. Muuguzi anayetupokea hamuulizi mama mkubwa kama mwanawe anaendelea vizuri, swali ambalo kwetu hujibiwa "hajambo" hata nyumba ikiwa haikaliki, bali humuuliza: "Mama, jana alilala saa ngapi? Anaoga mwenyewe? Chakula anakimaliza?" Majibu yote huyaandika katika daftari la mgonjwa, naye daktari huyasoma kabla ya kuzungumza na binamu yangu mwenyewe, tena kwa heshima.

Binamu yangu anatumia sindano ya flufenazini, dawa ya ugonjwa wa akili iliyochanganywa na mafuta ili iingie taratibu mwilini kwa wiki kadhaa, na kwa mtu anayekesha ziwani vidonge vya kila siku visingefaa. Mwanzoni alikakamaa shingo na mikono ikatetemeka. Daktari akamwongezea vidonge vya kutuliza hali hiyo, na ikapungua. Kilichonigusa zaidi ni kwamba muuguzi alikubali kupanga tarehe zake ziangukie mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wanapopumzika, kwa hiyo hapotezi kipato kwa sababu ya matibabu.

Lawama yangu kubwa ni upatikanaji wa dawa. Kuna siku tumevuka kwa meli kutoka Nansio, tukapanga foleni tangu asubuhi, kisha tukaelekezwa kuinunua sindano katika duka la dawa nje ya hospitali. Aliyekuja na nauli tu hurudi kisiwani bila dozi, na dozi ikikatika ugonjwa huweza kurudi kwa kishindo, pengine mgonjwa akampiga mama yake au akatoweka usiku mwaloni, ufukweni kwa wavuvi. Hapo ndipo familia nyingi hukimbilia kwa mganga, na siwalaumu, maana mganga hupatikana kila siku. Vyumba vya mazungumzo navyo havina faragha ya kutosha.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 3.7 katika Mkoa wa Mwanza, na Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko mbali, Dodoma. Kuichoma sindano hii hakuhitaji daktari bingwa. Muuguzi aliyefundishwa anaweza, na ningependa kuona kila kituo cha afya cha visiwani kikiwa nayo, bingwa akibaki kwa ajili ya uchunguzi na mabadiliko ya dawa.

Mpelekeni mgonjwa wenu. Chukueni daftari na maboksi ya dawa za zamani, aandamane na mtu anayelala naye nyumba moja, na pigeni simu kuuliza kama sindano ipo kabla ya kukata tiketi ya meli.