TAHADHARI: Huyu anayeuza "hisa za Marekani" hapa Mombasa ni mwizi

Jamani, sambazeni hii kabla hajamnasa mwingine. Kuna kijana mtanashati, kanzu haina hata kunyanzi, adabu tele, hukaa kwenye mikahawa ya Nkrumah Road na kompyuta yake akiuza hisa za kampuni moja ya Marekani ya teknolojia ya mawasiliano ya simu. Kampuni yenyewe ipo, haimjui yeye wala mimi. Mwizi ni yeye.



Na asije mtu hapa akaniambia tamaa. Kwenye hisa mimi si mgeni. 2008 Safaricom ilipouza zake kwa shilingi 5, nilipanga foleni na wenzangu. Zikashuka chini ya bei hiyo, watu wakaziuza kwa hasira, mimi nikatulia, na 2021 zikapita shilingi 40. Mja laana huyu alianzia hapohapo. "Mzee, za Safaricom ulinunua?" Nikamjibu nilinunua. "Basi wewe sina la kukufundisha." Kwisha, kanishika.

Tena hakuja na porojo za pesa kuzaa mara mbili kwa wiki. Alinisomesha biashara. Akanieleza kuna kampuni hazitengenezi hata simu moja, mali yao ni hataza, yaani haki za kisheria za kumiliki uvumbuzi, za namna simu inavyowasiliana na mnara, na watengenezaji wa simu huwalipa ada ya leseni. Ndiyo maana wawekezaji hushinda wakibashiri: itaendelea kukusanya ada, itawapeleka mahakamani wasiolipa, au itajiuza yote kwa tajiri mkubwa? Akanipa mfano wa 2011. Nortel ya Kanada imefilisika, hataza zake zikanunuliwa kwa dola bilioni 4.5 na kundi lenye Apple na Microsoft ndani. Muda si muda InterDigital, kampuni ya Marekani ya hataza za simu, nayo ikatangaza inafikiria kujiuza, hisa zake zikapaa. Nilitafuta kwenye Google mbele yake, nikakuta ni kweli tupu. Mtu akikupa kweli tatu mfululizo, ya nne utaikagua?

Ya nne ndiyo hiyo: kwamba kampuni yake pia inanunuliwa, mawakili washakaa, haijatangazwa, na yeye ana fungu dogo la hisa kwa bei ya ndani.

Saa nne asubuhi, kahawa mezani, simu yake ikalia. Akaweka spika. Mzungu, na kelele za ofisi nyuma yake, anapiga kutoka New York: soko linafungwa baada ya nusu saa, fungu linachukuliwa na mteja wa Nairobi. Kijana akanigeuzia skrini, mstari wa kijani unapanda tu. Nikatoa simu. M-Pesa ikaniletea jina la mwanamke. "Mhasibu wetu huyo, mzee." Laki na nusu ikaenda. Akanikabidhi cheti chenye muhuri wa dhahabu, nikakishika na kidole kilicholowa kahawa, dhahabu ikanibakia kidoleni. "Printa za siku hizi," akasema, akanifuta kidole kwa leso yake mwenyewe. Na kahawa akalipa yeye!

Tangu hapo, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani.

Mtu kama huyu ni wa jela ya Shimo la Tewa, na funguo zipotee. Ripoti nimeandikisha polisi, nambari ya OB ninayo. Na wallahi albadiri itasomwa, nimeshazungumza na walimu. Kama kuna mtu wa kwao anasoma hapa, amwambie arudishe pesa mapema, mambo hayo yakishaanza hayachagui baba wala mama.

Dalili? Mpwa wangu ndiye aliyenipangia baadaye, kwa dharau zake. Saa nne ya asubuhi kwetu, New York ni saa nane au saa tisa ya usiku kulingana na majira. Soko lao hufunguliwa kwetu jioni, saa kumi na nusu au kumi na moja na nusu. Sasa yule Mzungu alikuwa ofisi gani? Pesa za hisa haziendi kwa simu ya mtu. Anayeuza lazima awe na leseni ya CMA, mamlaka ya serikali inayosimamia masoko ya hisa, orodha iko kwenye tovuti yao, tafuteni jina. Na hiyo InterDigital, aliikata hadithi katikati: Januari 2012 ilitangaza imeacha mpango wa kujiuza, hisa zikaporomoka. Hilo lilikuwa chini kabisa ya ukurasa, na nani husoma mpaka chini huku anaharakishwa?

Najua wengine mmetoa pesa na mmenyamaza kwa aibu. Njooni inboksi twende stesheni kwa pamoja, mmoja mmoja wanatuzungusha. Na wewe uliyemleta barazani kwetu ukasema ni mtoto wa rafiki yako, unajijua. Shika simu zangu.