Albamu za hip hop ya andagraundi 2025 mpaka sasa: ipi uanze kuitolea hela

Wakuu, nusu ya mwaka 2025 ndo imekatika hivyo, na kama kawaida naulizwa "kaka nisikilize nini". Kusikiliza sikiliza zote, kwenye strimu ni bure au karibu na bure. Swali gumu ni ipi uitolee hela, maana kuna albamu unaipiga mara mbili unasema duh hii noma, halafu mpaka mwaka unaisha hujairudia hata siku moja, na kuna nyingine siku ya kwanza umeikunjia sura kabisa hujaelewa kitu, wiki ya tatu unajikuta unaosha vyombo huku mstari mmoja unazunguka tu kichwani hautaki kutoka. Hiyo ya pili ndo ya kununua. Kwa hiyo sijapanga kwa kuangalia nani mkali kuliko nani, nimepanga kwa kitu kimoja tu: ukishaisikiliza mara kumi, kuna kitu bado kimebaki humo ndani?

Halafu tuelewane kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili cha mtaani andagraundi ni msanii chipukizi, yule ambaye bado hajatoka. Hapa siyo hivyo. Aesop Rock anarap tangu miaka ya 90 na ana karibu miaka 50, huwezi kumwita chipukizi ukabaki na adabu. Naongelea watu ambao hawategemei redio wala matangazo, wengi wana lebo zao wenyewe, wanauza kazi zao moja kwa moja kwa wanaowapenda. Karibu wote hapa ni Wamarekani isipokuwa mmoja.

1. billy woods, GOLLIWOG

Imetoka Mei 9, lebo yake mwenyewe Backwoodz Studioz, nyimbo 18. Golliwog ni ule mdoli mweusi wa midomo mikubwa uliotoka kwenye kitabu cha watoto cha Uingereza mwaka 1895, mdoli wa kuwadhihaki watu weusi ambao watoto wa kizungu walilala nao kitandani vizazi na vizazi. woods kaichukua hiyo picha akaifanya albamu ya kutisha. Siyo kutisha kwa damu na mapanga, ni ile hofu ya mlango ambao una uhakika uliufunga.

Mfano mmoja tu. Kuna ngoma inaitwa Waterproof Mascara, biti kaitengeneza Preservation, na ndani ya biti kuna mwanamke analia. Siyo analia mara moja kisha basi, kilio chenyewe ndo biti, kinajirudia kama ngoma zinavyojirudia. Mara ya kwanza nilikuwa na hedifoni usiku taa zimezimwa, nikazivua nikidhani kuna mtu analia chumba cha pili. Nikasikiliza, kimya. Nikazivaa tena. Na jamaa anarap juu ya kile kilio kwa sauti ile ile ya kawaida, bila haraka, kama mtu anayekusimulia habari za jirani. Nimeshairudia mara nyingi sana na bado nikifika hapo mkono unaenda wenyewe kwenye kitufe cha kuruka.

Maprodyuza ni wengi kweli (The Alchemist, Kenny Segal, El-P, Conductor Williams, na wengine kibao) na ungetegemea iwe mchanganyiko wa pilau na ugali, lakini wapi, imekaa kitu kimoja mwanzo mwisho. Na mtu wa Afrika anaambulia zaidi humu, maana baba yake woods alikuwa Mzimbabwe, mama Mjamaika, na sehemu ya utoto wake kaishi Zimbabwe, kwa hiyo akigusa mambo ya uhuru na ukoloni hasomi kwenye magazeti.

Onyo ila: kama hujawahi kumsikia usianzie hapa, utakimbia. Anza na Maps ya 2023 aliyofanya na Kenny Segal, ile ni ya safari, viwanja vya ndege, hoteli, mlango mwepesi zaidi. Ukiipenda ile, rudi huku na hela mkononi.

2. Aesop Rock, Black Hole Superette

Mei 30, lebo ya Rhymesayers, nyimbo 18, biti zote katengeneza mwenyewe. Huyu ndo yule ambaye mwaka 2014 kuna jamaa alikaa akahesabu maneno tofauti ya marapa kwenye maneno yao 35,000 ya mwanzo, na Aesop akaibuka wa kwanza, maneno tofauti zaidi ya 7,000. Tangu siku hiyo kila mtu anamtaja kwa hiyo namba kama vile ni kamusi inayotembea, na kiukweli inaniudhi kidogo, maana uzuri wa hii albamu mpya ni kwamba misamiati imekaa kwenye mambo madogo kabisa. Kuna wimbo mzima, Snail Zero, kuhusu konokono wa kwenye tanki la samaki na jinsi walivyozaliana. Konokono! Na ukiisha unabaki unamfikiria yule konokono wa kwanza kuliko wasanii wote waliokwambia wana magari mangapi.

Lupe Fiasco yupo, Homeboy Sandman yupo, Open Mike Eagle yupo, hata woods na mwenzake Elucid wanaingia kama kundi lao, Armand Hammer. Kwa upande wa kununua hii ndo inalipa zaidi kwa hesabu ya saa, kwa sababu hutaimaliza. Mimi bado kuna beti nzima ambazo nikizisikia naona zinapita tu juu ya kichwa kama ndege. Tafuta maandishi ya mistari usome huku unasikiliza, mara ya kwanza tu, halafu acha.

3. MIKE, Showbiz!

Januari 31, lebo yake 10k, nyimbo 24. Usiogope hiyo namba, nyingi ni fupi, nyingine hata hazijaanza vizuri zimeisha. Biti nyingi katengeneza mwenyewe kwa jina lake la dj blackpower, zile sampuli za soul (vipande vilivyokatwa kwenye nyimbo za wengine) zilizopunguzwa mwendo mpaka zinakaa kama mtu anaongea usingizini. Sauti yake nzito, anarap kama amechoka lakini hajakata tamaa. Wengine wanasema inachosha, yote yanafanana. Sawa, siku mbili tatu za mwanzo nami nilisema hivyo hivyo. Shida ni kwamba tulikuwa tunaisikiliza kama albamu ya kukaa chini na kuichambua, kumbe hii ni ya kuishi nayo, unaiweka asubuhi unafanya kazi zako, na siku moja katikati ya kupiga pasi unasikia kumbe kasema kitu kizito sana pale na ulikuwa umeipita mara 15. Ningeiweka ya pili, nimesita, basi iwe ya tatu.

Kabla sijaendelea tuongelee hela zenyewe maana hapa ndo watu wanalizwa.

Ukitaka pesa imfikie msanii, nunua faili kwenye Bandcamp, tovuti ambayo wasanii wanauza muziki wao wenyewe. Wenyewe wanakata asilimia 15 kwenye muziki wa kidijitali na 10 kwenye vitu vya kushika kama santuri na fulana, ukiongeza makato ya malipo, kinachobaki ni cha msanii au lebo yake. Linganisha na strimu ambapo msikilizo mmoja haufiki hata senti moja ya dola. Na kuna ile Ijumaa yao, Bandcamp Friday, walianza Machi 2020 wakati wa korona, siku hiyo hawachukui fungu lao kabisa. Haipo kila mwezi siku hizi kwa hiyo angalia tarehe, weka vitu kwenye orodha ya matamanio halafu siku ikifika unafagia. Ukipakua chukua faili la aina ya FLAC, ni kubwa ila halijapunguzwa ubora, na intaneti ikikata muziki wako unabaki kuwa wako.

Santuri ni tamu, sibishi, jalada kubwa mikononi na kila kitu. Ila za andagraundi hutengenezwa chache na mara nyingi ni agizo la mapema, unalipa leo unasubiri miezi. Mimi kuna muuzaji mmoja, simtaji, alinitumia santuri imepinda kama chapati iliyoachwa juani, sindano inapanda inashuka, wimbo wa kwanza ulikuwa unayumba kama umelewa. Kumwandikia, ananiambia niweke kitabu kizito juu yake. Nimeweka. Bado imepinda. Kwa hiyo soma masharti ya kurudisha kabla hujalipa, na ukinunua kwa mtu binafsi ingia tovuti ya Discogs kwanza uone huko nyuma iliuzwa bei ya chini kiasi gani, ya kati na ya juu, usikubali kutajiwa bei na mtu ambaye ndo anauza.

Kaseti nunua kama una redio ya kuipigia, la sivyo ni pambo. CD watu wameisahau bila sababu, sauti safi na mara nyingi ndo rahisi kuliko zote.

Na ukiona bei ya ajabu usidhani ni utapeli moja kwa moja. Rapa Mach-Hommy mwaka 2016 aliuza albamu yake HBO kwa dola 300, na watu walinunua. Upande wa pili kuna rapa marehemu Ka, aliyefariki Oktoba 2024, kapteni wa zimamoto wa New York ambaye albamu zake alikuwa anasimama nazo mwenyewe barabarani, unamkuta, unampa hela, anakupa mkono. Hao wawili wanaonekana tofauti kabisa lakini wanasema jambo moja, kazi ni yangu na bei napanga mimi.

Haya tuendelee.

4. McKinley Dixon, Magic, Alive!

Juni 6, City Slang. Nyimbo 11 tu, ipo kama dakika 35. Watoto watatu wamefiwa na rafiki yao na wanatafuta uchawi wa kumrudisha, hiyo ndo hadithi. Imejaa vyombo vya kupiga kwa mkono, tarumbeta, ngoma, besi, kuna mahali bendi inachemka mpaka unahisi jamaa anakimbizana nayo. Kama una rafiki anayesema hip hop haina muziki, mpe hii kisha nyamaza. Iko ya nne kwa sababu mara ya saba nane hivi nilianza kuona viungo vyake, ila zile mara sita za mwanzo, aisee.

5. Backxwash, Only Dust Remains

Machi 28. Huyu ndo yule mmoja niliyesema siyo Mmarekani, kazaliwa Zambia anaishi Montreal, Kanada, na mwaka 2020 alishinda Polaris, tuzo ya albamu bora ya Kanada. Albamu zake za nyuma zilikuwa kelele za metali, magitaa yanayounguza, mimi nilikuwa naheshimu kwa mbali. Safari hii kafungua dirisha, kuna piano, kuna kwaya, kuna nafasi ya kupumua, ila anachoongelea bado ni kifo na kwa nini mtu aendelee kuishi. Siyo ya kila siku. Kama upo kwenye kipindi kibaya acha kwanza, utaikuta.

6. clipping., Dead Channel Sky

Machi 14, Sub Pop. Daveed Diggs (ndiyo, yule wa mchezo wa jukwaani Hamilton) na wenzake wawili wanaotengeneza kelele za mashine. Ulimwengu wa kompyuta, wadukuzi, disko za miaka ya 90, jamaa anarap kasi ya kutisha bila kutetereka. Nzuri sana mara tatu. Baada ya hapo nilikuwa navutiwa nayo zaidi akilini kuliko masikioni, kwa hiyo strimu inatosha, isipokuwa kama wewe ni mtu wa teknolojia, hapo nunua.

Nje ya namba: kama unamnunulia mtu zawadi na hujui anapenda nini, chukua From the Private Collection of Saba and No ID, ya Machi. Wote wa Chicago, Saba ndo anarap, No ID ni mkongwe wa biti, na hakuna anayechukia albamu hii. Wabishi watasema siyo andagraundi. Wabishe.

Rapa Boldy James sijamweka popote na najua mtanisema. Tatizo siyo ubora, tatizo ni kwamba kabla mwaka haujafika katikati alishatoa zaidi ya tatu, kila moja na prodyuza wake, na kila nikisema sasa naikalia hii niielewe, naona jalada lingine. Nilipanga kumpa nafasi yake hapa wiki iliyopita, nikaona nisubiri kidogo, na sasa hivi naogopa hata kwenda kuangalia.